Kuongeza rangi si kuongeza mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rangi zinazong'aa

Baadhi ya jioni mimi na wanafunzi wa klabu ya sayansi hukaa kwenye baraza ya nyumba moja mtaa wa Langoni, hapa Lamu, tukiwa na tochi ya kukagulia noti, chupa za spiriti, manjano ya jikoni na majani ya mchicha. Wapita njia husimama, huuliza, wengine hukaa hadi adhana ya isha. Maswali yao yanafanana, na mengi yanazunguka jambo moja: kwa nini rangi ileile ing'ae sana mahali hapa na izimike mahali pale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja, mengine yamenichukua kurasa.

Floresensi ni nini?

Ni tabia ya kitu kupokea mwanga wa aina moja na kuurudisha papo hapo ukiwa wa aina nyingine. Molekuli ya rangi ikipigwa na miali ya urujuanimno ya tochi ile, ambayo jicho haliioni, elektroni yake hupanda ngazi ya nishati. Kule juu haikai. Sehemu ya nishati inapotea kwa mitikisiko midogo, kisha elektroni inashuka, na nishati iliyobaki inatoka kama mwanga dhaifu zaidi ya ule ulioingia: wa buluu, wa kijani, wa njano au mwekundu, kutegemea molekuli. George Gabriel Stokes aliieleza tabia hii huko Uingereza mwaka 1852, akaipa jina linalotokana na madini ya floraiti.

Kuna jambo moja hapa ambalo majibu yote ya chini yanalitegemea. Molekuli iliyopanda juu ina nanosekunde chache tu, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde. Fluoresini, rangi itumikayo maabara na hospitalini, ina kama 4. Ndani ya muda huo njia za kushuka ni kadhaa: kutoa mwanga, kujitikisa hadi nishati yote iwe joto, au kuipa nishati hiyo molekuli jirani. Njia hizi zinashindana. Tukisema rangi inang'aa vizuri, maana yake njia ya mwanga inashinda mara nyingi. Fluoresini iliyozimuliwa sana katika maji yenye alikali kidogo hurudisha zaidi ya fotoni (chembe za mwanga) 90 kwa kila 100 ilizofyonza. Isonganishe, na hesabu hiyo inaporomoka.

Na kurundikana kwa molekuli ni kufanya nini?

Molekuli nyingi za rangi ni bapa na pana, na mwili wake mkubwa ni wa kaboni. Haupatani na maji, kama mafuta yasivyopatana nayo. Zikiwa majini hutafutana na kulaliana uso kwa uso, kama chapati kwenye sahani. Pengo kati ya moja na inayofuata ni kama nanomita 0.35 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Usifikirie mashapo yaliyotua chini ya chupa. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa, hayana hata chembe ya kuonekana, na bado sehemu kubwa ya molekuli iwe imeshikana mbili mbili.

Mwalimu, mbona uliongeza rangi na mwanga ukapungua?

Swali hili ndilo lililozaa ukurasa huu. Jioni ile watoto walikuwa wengi kuliko kawaida, nami nikataka mwanga uwafikie hata waliosimama nyuma. Nikakamua utambi mzima wa hailaita ya njano, ile kalamu ya kukolezea maandishi, ndani ya kichupa kidogo cha maji. Nilipowasha tochi, kichupa kilionyesha utando mwembamba wa kijani upande ule wa tochi, na ndani yake ukolevu wa rangi ya chai usio na uhai. Watoto walinyamaza. Nikachukua matone machache ya maji yale nikayatia kwenye jagi la maji safi, na jagi zima likawaka, mpaka vidole vya aliyelishika vikaonekana kijani.

Jaribu mwenyewe kwa tone moja. Weka bilauri ya maji yaliyotulia, zima taa, elekeza tochi kutoka ubavuni, kisha dondosha wino mzito wa hailaita. Litazame tone lenyewe linavyozama. Kiini chake ni hafifu, karibu cheusi. Nyuma yake linaacha nyuzi, na zinazowaka ni hizo nyuzi. Kila uzi ukizidi kuwa mwembamba unazidi kuwaka. Baada ya dakika chache hakuna tone wala uzi, kuna bilauri nzima ya mwanga laini. Nimelifanya jambo hili mara nyingi mno, na bado huwa naacha kuzungumza linapotokea.

Sababu ni tatu, na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza si kurundikana. Ni kujikinga. Rangi ikiwa nzito, tabaka la nje linafyonza mwanga wote wa tochi, na molekuli za ndani haziguswi. Hata mwanga mdogo unaozaliwa ndani hufyonzwa tena kabla haujatoka.

Ya pili ni kupokezana. Molekuli zikikaribiana kwa umbali usiozidi nanomita 10 hivi, iliyo na nishati inaweza kuipa jirani bila kutoa mwanga wowote. Theodor Förster wa Ujerumani aliiwekea kanuni tabia hii mwaka 1948: uwezekano wa kupokezana unapungua kwa kipeo cha 6 cha umbali. Ukizidisha umbali mara mbili, upokezanaji unapungua mara 64. Sasa tupige hesabu. Mola ni kipimo cha idadi ya molekuli; milimola ni sehemu yake moja ya elfu, mikromola moja ya milioni. Mikromola 1 ya rangi kwa lita inaziweka molekuli zikiwa zimeachana kwa wastani wa nanomita 118. Milimola 1 inazisogeza hadi nanomita 12. Milimola 10, nanomita 5 na nusu. Kwa hiyo hakuna haja ya kufikia uji wa rangi. Ukolevu ambao jicho linauona wa kawaida tu unatosha kuziweka molekuli mahali pa kupokezana.

Ya tatu ni zile molekuli zilizolaliana. Kwa rangi nyingi, jozi ya namna hiyo ni giza: inapokea nishati na kuigeuza joto. Na hapa ndipo sababu ya pili na ya tatu zinaposhikana mikono. Fikiria watu wamejipanga kutoka kisimani wakipokezana ndoo mkono kwa mkono. Mmoja wao akiwa anamwaga kila ndoo inayomfikia, maji hayafiki, ingawa wengine wote ni wazima. Jozi moja ya giza kati ya molekuli nyingi inameza nishati ya jirani zake wote. Ndiyo maana mwanga hauporomoki pole pole kulingana na idadi ya jozi, bali huanguka ghafla ukolevu ukipita kiasi fulani.

Nitatofautishaje kujikinga na kurundikana?

Njia rahisi ni kupunguza unene badala ya kuongeza maji. Bana tone la wino mzito kati ya vipande viwili vya kioo, liwe utando. Mwanga ukirudi vizuri, kosa kubwa lilikuwa kujikinga. Ukibaki hafifu, molekuli zenyewe ndizo zinazozimana.

Njia ya pili ni kubadilisha kiyeyushi. Spiriti huzitenganisha molekuli nyingi za rangi ambazo maji huzisukuma pamoja. Rodamini, rangi nyingine ya maabara, ni mfano mzuri: ndani ya maji hushikana mbili mbili mapema, ndani ya ethanoli hubaki moja moja hata ikiwa nzito zaidi.

Mwenye maabara ataangalia wigo wa ufyonzaji, yaani mchoro wa rangi za mwanga zinazofyonzwa. Rodamini 6G ikiwa moja moja majini hufyonza zaidi karibu na nanomita 527. Huo ni urefu wa wimbi la mwanga: namba ndogo ni upande wa buluu, kubwa ni upande wa nyekundu. Ukiongeza ukolevu, bega la karibu na nanomita 500 linainuka. Kujikinga hakubadilishi umbo la wigo. Umbo likibadilika, ujue molekuli zimeanza kushikana.

Kwa hiyo kurundikana huua mwanga siku zote?

Hapana, na hili ndilo ninalotaka watu waondoke nalo kuliko jingine lolote. Wanafunzi wengi hunijia wakiwa wamekariri kwamba rangi ikirundikana inazimika, basi. Linaloamua ni namna molekuli zinavyolala.

Nenda gatini uangalie madau. Mengine yamefungwa ubavu kwa ubavu, mengine yamejipanga shetri (nyuma) ya moja ikielekea omo (mbele) ya jingine. Molekuli nazo zina mipangilio hiyo miwili. Kila moja inapofyonza mwanga, chaji zake huyumba kwenda na kurudi kama antena ndogo, na antena mbili zilizo karibu zinasikizana. Ngazi moja ya nishati inagawanyika kuwa mbili, ya juu na ya chini.

Zikilala ubavu kwa ubavu, mwanga unaingia kupitia ngazi ya juu tu. Lakini nishati haikai juu. Inateremka mara moja hadi ngazi ya chini, na huko miyumbo ya molekuli jirani inapingana, moja ikienda kulia nyingine kushoto, hivyo wimbi la mmoja linafuta la mwenzake. Mlango wa kutokea umefungwa. Nishati inabaki imekwama hadi iwe joto. Hili linaitwa rundo la H, na ufyonzaji wake husogea kuelekea buluu.

Zikijipanga omo kwa shetri, mambo yanageuka. Ngazi iliyo wazi kwa mwanga ni ile ya chini, na huko molekuli zote zinayumba kwa mdundo mmoja. Zinatoa mwanga kwa pamoja, kwa haraka zaidi kuliko molekuli moja peke yake, na rangi ya mwanga huo ni nyembamba na safi. Hili ni rundo la J. Herufi hiyo inamkumbuka Edwin Jelley, aliyeligundua miaka ya 1936 na 1937 akiwa Uingereza, wakati uleule ambao Günter Scheibe aliliona Ujerumani. Wote walikuwa na rangi moja mikononi, pseudoisosianini. Majini ikiwa nyembamba hufyonza karibu na nanomita 525 kwa ukanda mpana. Ikikolezwa, unachomoza ukanda mwembamba kama sindano karibu na nanomita 570, nao mng'ao unaongezeka. Viwanda vya filamu za kamera vilitumia marundo ya namna hii kwa miaka mingi ili filamu iweze kuona rangi ambazo chumvi za fedha peke yake hazizioni.

Aliyeunganisha haya kwa hesabu ni Michael Kasha wa Marekani na wenzake, miaka ya 1950 na 1960. Mpaka kati ya H na J umo katika pembe: mwelekeo wa antena ukiwa chini ya digrii 54.7 kutoka mstari unaounganisha molekuli mbili, rundo ni J, na ukizidi hapo ni H. Molekuli zilezile, umbali uleule, zinainama digrii chache, na giza linakuwa mwanga.

Je, rangi ya mwanga yenyewe inaweza kubadilika?

Ndiyo. Pirini, molekuli bapa ya kaboni, ikiwa moja moja inatoa mwanga wa urujuani ulio karibu na nanomita 375 hadi 400. Ikikolezwa, molekuli iliyopanda juu huikumbatia jirani iliyo chini, na hao wawili hutoa pamoja mwanga wa buluu ulio karibu na nanomita 470. Wakishashuka wanaachana. Förster na Karl Kasper walilieleza hili mwaka 1954.

Nimesikia kuna rangi zinazong'aa zikirundikana TU. Inawezekanaje?

Mwaka 2001, mwaka uleule ambao Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kundi la Ben Zhong Tang katika Hong Kong University of Science and Technology lilitangaza molekuli za jamii ya siloli zilizofanya kinyume cha kila kitu nilichoeleza hapo juu. Zilikuwa zikipimwa kwenye kibao cha kutenganishia kemikali. Doa likiwa bichi halikuonekana chini ya miali ya urujuanimno. Lilipokauka likawaka. Wengine wangelifuta doa lile na kuendelea na kazi. Wao wakasimama kuliuliza.

Molekuli hizo si bapa. Ile ambayo wanafunzi wanaielewa upesi ni tetrafeniletini: kaboni mbili katikati zimeshikana kwa nguvu, na kutoka humo zinachomoza pete nne za kaboni sita sita, zimejipinda kama majani ya rafadha, yaani panga za injini ya boti. Ndani ya kiyeyushi pete hizo ziko huru. Molekuli ikipata nishati, rafadha inazunguka na nishati yote inaishia kwenye mzunguko, yaani joto. Zikirundikana, pete zinabanana. Manahodha wa hapa wanajua rafadha iliyonaswa na wavu: injini inanguruma, panga hazigeuki. Molekuli nayo, ikishabanwa, haina pa kuipeleka nishati isipokuwa kwenye mwanga. Na kwa kuwa zimejipinda, haziwezi kulaliana bapa kama chapati, kwa hiyo ule mtego wa jozi za giza haupatikani.

Ndiyo sababu huwa nasema ukitaka kuijua rangi, uliza kwanza umbo lake. Ya bapa inaogopa msongamano. Ya rafadha inauhitaji.

Nifanye jaribio gani jikoni?

Manjano. Kwa watu wa pwani hakuna dawa ya rangi iliyo karibu zaidi. Kemikali yake ni kukumini, inayofyonza mwanga karibu na nanomita 425 na kutoa kijani cha njano.

Tia nusu kijiko cha chai cha manjano katika nusu kikombe cha spiriti safi isiyo na rangi. Tikisa, acha itulie robo saa, chuja kwa kitambaa cheupe. Utapata maji ya njano maangavu. Mbele ya tochi yanawaka kijani.

Sasa gawa mara mbili. Sehemu ya kwanza iache. Ya pili, imimine kidogo kidogo ndani ya bilauri ya maji. Maji yanafifia, yanakuwa kama yenye vumbi jembamba la njano, na mng'ao unaporomoka. Kukumini imekataa maji na kujikusanya. Nisiwadanganye: sehemu ya kuzimika huko inatokana na maji yenyewe, kwa kuwa yanaigusa molekuli na kuiondolea nishati kupitia hidrojeni zake. Kurundikana ni nusu ya habari.

Kisha tia tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye bilauri ile, koroga taratibu. Mwanga unarudi. Molekuli za sabuni zimeunda vijifuko vidogo vyenye mafuta ndani, kila kukumini imepata kijichumba chake mbali na maji na mbali na wenzake.

Tafadhali usitumie sabuni ya unga. Ina alikali, na manjano itageuka nyekundu ya kutu na kuharibika. Tena sabuni ya unga ina rangi yake yenyewe inayong'aa buluu, utashindwa kujua unaangalia nini.

Maji ya mchicha yanawaka mekundu. Mbona jani lenyewe haliwaki?

Hili huwashtua hata watu wazima. Ponda majani ya mchicha, loweka kwenye spiriti, chuja, na kimiminika cha kijani kibichi kinatoa mwanga mwekundu kama damu chini ya tochi. Ni klorofili. Ikiwa peke yake katika kiyeyushi hurudisha karibu theluthi ya nishati kama mwanga, kwa sababu haina kazi nyingine ya kuifanyia. Ndani ya jani zima nishati hiyo inapelekwa kwenye kutengeneza chakula, na kinachovuja kama mwanga ni asilimia chache tu.

Lakini lisikupite hili: klorofili ndani ya jani imesongamana kuliko rangi yoyote niliyowahi kuitia kichupani. Kwa hesabu ya kawaida ingejizima kabisa, na jani lisingeweza kula. Inaokolewa na protini zinazoishika kila molekuli mahali pake, kwa pembe yake, karibu ya kutosha kupokezana nishati na mbali ya kutosha kutolaliana. Mimi naiona kama kazi ya fundi wa mlango wa Lamu, ambaye kila ua la nakshi lina nafasi yake na hakuna linaloparamia jenzake. Kuna bakteria wa kijani ambao wameacha protini hizo, wakaipanga klorofili yao katika marundo ya aina ya J, na wanaishi vizuri kwenye mwanga hafifu mno.

Ukimimina maji ndani ya spiriti ile ya mchicha, wekundu unafifia. Sasa unajua kwa nini.

Kanzu yangu nyeupe inawaka buluu kwenye tochi. Ni ile bluu ya kufulia?

Siyo. Bluu ya kufulia haing'ai. Inaficha unjano wa kitambaa kwa kuongeza ubuluu kidogo, basi. Kinachowaka ni ving'arishi vilivyomo kwenye sabuni ya unga, rangi zisizoonekana mchana, zinazofyonza urujuanimno wa jua na kutoa buluu iliyo karibu na nanomita 430. Ndiyo maana kanzu iliyofuliwa kwa ajili ya Maulidi inaonekana nyeupe kuliko nyeupe ikitoka juani.

Na hapa kuna funzo la nyumbani. Akina mama huniuliza mbona wakizidisha sabuni ili nguo iwe nyeupe zaidi, baada ya muda inaonekana na ukijani au ukijivu. Kitambaa kina nafasi zake. King'arishi kikishatandaa kwenye nyuzi, kinachozidi kinajirundika juu yake, mng'ao wa buluu unapungua, na rangi ya king'arishi chenyewe inaanza kuonekana. Kipimo cha kawaida cha sabuni na suuzo la pili la maji safi vinaifaa kanzu kuliko kijiko cha ziada.

Na kikoi chekundu mbona hakiwaki?

Rangi nyingi za nguo ni za jamii ya azo, ambazo humwaga nishati kama joto kwa haraka mno hata zikiwa moja moja. Hazihitaji kurundikana ili zizimike. Kuna pinki na kijani chache za plastiki na fulana za mafundi wa barabara ambazo zinawaka, hizo ni za jamii nyingine.

Ule mwanga unaometameta baharini usiku, kasia likipiga maji?

Huo si floresensi. Ni viumbe wadogo wanaotengeneza mwanga wao wenyewe kwa kemia, bila kupigwa na mwanga kwanza.

Matumbawe ya Malindi na Watamu je?

Hayo ndiyo. Matumbawe mengi yana protini za jamii ya ile ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa kiwavi cha bahari (yavuyavu), na iliyompa yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968, na aliyezama huko usiku na taa ya buluu ameona kijani ambacho mchana hakipo.

Ndani ya protini hiyo kuna kiini kidogo kinachotoa mwanga. Kitoe nje, kiweke majini peke yake, kinazimika, maana kinajipinda na kupoteza nishati. Protini imekizungushia kitu kama pipa, kikabanwa kisijipinde na kisiguswe na kingine. Kwa hiyo kinapata faida mbili kwa mara moja: kinabanwa kama rafadha iliyonaswa, na kinatengwa kama rangi iliyozimuliwa.

Kuna faida gani hospitalini?

Nyingi. Daktari wa macho humchoma mgonjwa fluoresini kwenye mshipa wa mkono ili apige picha ya mishipa ya ndani ya jicho, hasa kwa wenye kisukari. Dawa inaingia ikiwa nzito, lakini damu inaizimua kabla haijafika jichoni, na hapo ndipo inapowaka. Kijani cha indosianini, kinachotoa mwanga karibu na nanomita 820 usioonekana kwa jicho bali kwa kamera, hurundikana majini kikiwa kizito. Kikiingia kwenye damu kinashikwa na protini ya albumini na kutenganishwa.

Watafiti wa dawa hutumia kuzimika kwenyewe kama kipimo. Wanajaza vifuko vidogo vya mafuta na fluoresini nzito iliyojizima. Kifuko kikipasuka, rangi inazimuliwa na kuwaka. Kadiri mwanga unavyoongezeka ndivyo wanavyojua vifuko vingapi vimevuja. Nayo thioflavini T, ambayo ni ya aina ya rafadha, huwaka inapobanwa ndani ya nyuzi za protini zinazohusika na ugonjwa wa Alzheimer.

Simu yangu inahusikaje?

Vioo vya simu vya aina ya OLED hutumia rangi za kikaboni. Zikiwekwa tupu kama utando mmoja, nyingi hujizima, kwa hiyo huchanganywa kwa asilimia chache tu ndani ya kemikali nyingine inayozitenganisha.

Maji ya tonic yanawaka buluu. Nikitia chumvi yanazimika. Chumvi imeyarundika?

Hapana, na nafurahi kila mtu anapoliuliza. Rangi hapo ni kwinini. Kloridi ya chumvi inaigonga kwinini iliyopanda juu na kuipora nishati kabla haijatoa mwanga. Kwinini bado ziko moja moja. Dalili ni ileile, ugonjwa ni mwingine.

Tahadhari gani nichukue?

Usimulike tochi ya urujuanimno kwenye jicho la mtu, na watoto wasiishike bila mtu mzima. Spiriti inawaka moto hata mvuke wake, kwa hiyo jiko liwe limezimwa na dirisha wazi. Usinywe wala usirudishe jikoni bilauri ya jaribio bila kuiosha vizuri.

Mwanangu, noti yangu ya elfu imekataliwa dukani wakisema ni bandia kwa kuwa yote inawaka. Nami niliitoa benki kwa mkono wangu.

Bi mkubwa mmoja alikuja na noti hiyo barazani, ameikunja kwenye pindo la leso. Karatasi ya kawaida ya dukani imejaa ving'arishi, ndiyo maana noti bandia iliyochapwa juu yake huwaka buluu yote. Karatasi ya noti halali haitiwi ving'arishi. Inabaki na giza, na alama chache zilizokusudiwa ndizo zinazong'aa. Kipimo hicho ni kizuri, lakini hakijui habari za kufua. Nilimuuliza kama noti ilipitia majini. Akafikiri, akasema ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu ya mjukuu wake siku ya kufua.

Sabuni ya unga ilikuwa imetandaza king'arishi chembamba kwenye nyuzi za karatasi, molekuli moja moja, na kilichotandaa hivyo huwaka kuliko kingine chochote. Tuliiinua noti mbele ya taa, tukaona kichwa cha simba ndani ya karatasi mahali pake. Tukapapasa maandishi yaliyoinuka. Tukaigeuza huku na huku tukauona uzi wa usalama ukibadilisha rangi. Mwanafunzi wangu mmoja akafuatana naye hadi dukani na tochi mkononi, akamwonyesha mwenye duka pindo la leso, ambalo nalo lilikuwa likiwaka buluu ileile.